Tuzo za utalii: nani alihukumu, na kwa kipimo gani?

Juni 28, 2025 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa usiku wa World Travel Awards kwa kanda ya Afrika na Bahari ya Hindi. Tanzania ikaondoka na taji la nchi inayoongoza kwa utalii barani Afrika, na kabla ya kulala simu zetu zilikuwa zimeshajaa. Makundi ya WhatsApp yaligawanyika kama ilivyo desturi. Huku watu wanapongezana kwamba dunia imetukubali, kule wengine wanasema tuzo hizo zinanunuliwa. Katikati walikuwepo waliouliza maswali ya maana na hawakujibiwa. Hao World Travel Awards ni kina nani, ni Umoja wa Mataifa? Mbona Serengeti imeshinda na Kilimanjaro nao umeshinda, sasa bora ni ipi? Na mbona Wakenya nao wana vyeti vya kuwa kinara wa safari?

Naandika kwa ajili ya hao wa katikati. Naipenda sekta hii na nafurahi inaposhinda, ila furaha ya mtu asiyejua alichoshinda haidumu: akija mbishi mmoja mwenye hoja mbili tu, inayeyuka.

Tuanze na neno lenyewe. "Tuzo" tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Mbuga ikipigiwa kura, tunasema imepata tuzo. Hoteli ikipewa nyota nne, tunasema imetunukiwa. Mji ukiingia kwenye orodha ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, tunashangilia kama tumefunga bao. Hayo ni mambo tofauti kabisa, na kila moja lina hakimu wake na mizani yake. Ukitaka kujua tuzo ina thamani gani, uliza kwanza nani alihukumu na alipima nini. Ukipata majibu hayo, ubishi mwingi unaisha wenyewe.

Tuzo za kura

Chukua mfano wa mtaani. Kuna mama lishe sita, na mtu anatangaza kwamba tuchague aliye bora, kila mmoja apige kura kwa simu yake. Atakayeshinda huenda kweli anapika vizuri. Lakini huenda pia ni yule ambaye banda lake liko kituo cha daladala, kila mtu anamfahamu, na wanawe wanne wamesambaza ujumbe wa kumwombea kura hadi kwa watu ambao hawajawahi kuonja wali wake. Mama aliye ndani uchochoroni, mwenye wateja kumi na watano wasiomwacha, hashindi hata akipika namna gani. Matokeo hayo si ya uongo. Yamepima kitu halisi: kufahamika, kupendwa, na uwezo wa kuhamasisha watu.

World Travel Awards ni tuzo za namna hiyo. Zilianzishwa mwaka 1993, na mwendeshaji wake ni kampuni binafsi ya Uingereza. Si chombo cha Umoja wa Mataifa. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia utalii lina makao yake Madrid, Hispania, na tangu 2024 linajiita UN Tourism. Kura za World Travel Awards hupigwa kwa intaneti na watu wa sekta pamoja na umma. Ndiyo maana kila mwaka unaona taasisi zetu zinabandika tangazo la "Ipigie kura Serengeti". Kampeni hiyo si udanganyifu, ni sehemu ya mashindano yenyewe.

Swali la Serengeti na Kilimanjaro nalo jibu lake liko kwenye makundi. Ni kama siku ya kufunga shule: kuna zawadi ya hisabati, ya usafi, ya nidhamu, ya michezo. Wanafunzi watatu wanaweza kwenda nyumbani wote wakiwa "wa kwanza" na hakuna aliyesema uongo. Serengeti ilichukua taji la hifadhi ya taifa inayoongoza Afrika miaka sita mfululizo, 2019 hadi 2024. Kilimanjaro umewahi kuchukua taji la kivutio kinachoongoza Afrika, ambalo ni kundi jingine. Novemba 2024, huko Madeira nchini Ureno, Tanzania ikachukua taji la dunia la safari za wanyamapori, taji ambalo Kenya nayo ilishawahi kulishika miaka ya nyuma. Ufukwe wa Diani, kusini mwa Mombasa, nao ulitamba miaka kadhaa kwenye kundi la fukwe za Afrika. Kila taji hapa ni la mwaka mmoja. Mwenye nalo leo hajamnyang'anya mwenzake cha jana.

Sasa hilo la kununua. Hapa panahitaji uangalifu kwa sababu kuna ukweli ndani yake, ila umepindishwa. Tuzo nyingi za kibiashara duniani huishi kwa ada: ada ya kushiriki, bei ya kiti kwenye usiku wa sherehe, malipo ya kutumia nembo ya mshindi kwenye matangazo. Kulipa ili uingie ulingoni si sawa na kulipa ili mpinzani aanguke. Lakini ada ina athari yake, na hii ndiyo ninayoiona kubwa kuliko tuhuma ya rushwa: asiye na pesa ya kuingia haonekani kabisa. Kambi ndogo ya mahema huko Katavi, yenye wafanyakazi wanane na mwongozaji anayemtambua kila kiboko kwa makovu yake, haikushindwa na mtu. Haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo unaposoma "bora Afrika", isome kama "aliyependwa zaidi kati ya waliokuwamo". Hilo bado ni jambo la kujivunia.

Kuna pia mchanganyiko wa 2013 ambao haujaisha hadi leo. Februari mwaka ule, Arusha, yalitangazwa maajabu saba ya asili ya Afrika, na matatu kati yake yako Tanzania: Mlima Kilimanjaro, kreta ya Ngorongoro na uhamaji wa nyumbu wa Serengeti. Wengi wanaamini ile ilikuwa UNESCO. Haikuwa. Ilikuwa taasisi binafsi iitwayo Seven Natural Wonders. Heshima ni heshima, ila kila moja irudishwe kwa mwenyewe.

Tuzo za majaji, na kisiwa kimoja kidogo

Namna ya pili ni tuzo ambayo watu wachache wenye ujuzi hukaa, wakasoma maombi, wakaomba ushahidi, mara nyingine wakatuma mtu kwenda kuangalia. Hii inafanana na mwalimu anayesahihisha mtihani: wingi wa marafiki zako haumhusu, anaangalia ulichoandika.

Mfano ninaoupenda ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji wa Zanzibar. Mwaka 1994 miamba ya matumbawe ya upande wake wa magharibi ilitangazwa kuwa hifadhi, na usimamizi ukaachwa kwa kampuni binafsi iliyojifunga kutumia mapato kuihifadhi. Wageni wanalala kwenye mabanda saba tu. Paa la kila banda limeezekwa kwa namna ya kukinga mvua, maji yakachujwa na kuhifadhiwa chini ya sakafu, kwa kuwa kisiwani hakuna kisima cha maji yasiyo na chumvi. Vyoo havitumii maji hata tone, uchafu unageuka mboji. Umeme ni wa jua. Usiku wageni hutembea na tochi msituni kutafuta kaa wakubwa wanaopanda minazi, kaa ambao kwingineko wameliwa hadi wakawa adimu.

Hayo yote hata tajiri yeyote angeweza kuyajenga. Lililonigusa ni walinzi wake. Wavuvi wa vijiji vya jirani ndio waliofundishwa kuwa walinzi wa hifadhi ya bahari. Mtu aliyezoea kwenda pale na mshipi ndiye anayepanda ngalawa kwenda kuwaeleza wavuvi wenzake kwa nini wasitupe nyavu hapo, na kwamba samaki wanaozaliana kwenye mwamba uliopumzishwa hawakai mahali pamoja, watatoka na kuingia kwenye maeneo ya kuvua. Anaongea lugha yao na anaijua njaa yao. Wanafunzi wa shule za Unguja nao hupelekwa kuona matumbawe kwa macho yao, na kwa watoto wengi wa pwani, hasa wasichana, huwa ndiyo mara ya kwanza kuingiza uso ndani ya maji na kutazama kilichomo.

Chumbe ilipata tuzo ya Tourism for Tomorrow ya British Airways mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mabanda saba. Kwenye tuzo ya kura kisiwa hicho kingepambana na hoteli zenye vyumba mia tatu, na sidhani kama kingetoka hata hatua ya kwanza. Majaji walipima kitu kingine, wakakiona.

Nyota si tuzo

Nyota za hoteli huchanganya watu kuliko vyote. Ni ukaguzi, jamaa zangu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli katika madaraja, kuanzia nyota moja hadi tano. Wakaguzi huja na orodha ndefu: ukubwa wa chumba, hali ya jiko, milango ya dharura, vifaa vya kuzimia moto, idadi ya huduma. Wanaweka alama, wanajumlisha.

Ifikirie kama leseni ya udereva. Leseni ya daraja la juu inakuambia mtu huyu ameruhusiwa kuendesha basi la abiria. Haikuambii kama ana lugha nzuri kwa abiria. Vivyo hivyo nyota tano zinakuambia hoteli ina vitu fulani, lakini ukarimu wa anayekupokea usiku wa manane ukiwa umechoka na mtoto analia, huo haumo kwenye orodha. Nimelala kwenye nyumba ya wageni isiyo na nyota hata moja huko pwani nikaamshwa na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, na mwenye nyumba akanifuata hadi kituoni kunirudishia chaja niliyoisahau. Nimelala pia kwenye hoteli ya nyota nyingi ambapo hakuna aliyeinua macho.

Na ukiona mahali panajiita "nyota sita" au "nyota saba", jua ni maneno ya tangazo. Vigezo vya Afrika Mashariki vinaishia tano. Pia wapo wanaojichorea nyota ukutani bila mkaguzi kufika. Uliza cheti cha daraja, cha kweli huwekwa mapokezi.

UNESCO ni wakfu

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001, Fort Jesus ya Mombasa 2011. Serengeti imo tangu 1981, Kilimanjaro tangu 1987. Kila mara tunasema "tumepewa". Kwa watu wa pwani kuna neno linaloeleza jambo hili vizuri kuliko tuzo, nalo ni wakfu.

Nyumba ikiwekwa wakfu, haiuzwi, hairithiwi kiholela, na anayeisimamia anawajibika kwa wanufaika waliopo na watakaokuja. Urithi wa Dunia uko hivyo hivyo. Nchi ndiyo inayoomba, kwa kueleza kwamba mahali hapa pana thamani kwa wanadamu wote, na inaahidi kupatunza. Orodha hiyo haiji na mfuko wa pesa wa kila mwaka. Inakuja na macho ya kukutazama. Kuna mfuko wa msaada, lakini ni mdogo na unaombwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalisajiliwa 1981. Bahari ikala kingo, miti ikapasua kuta, na mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ikafanyika miaka kumi, kuta zikaimarishwa, wanakijiji wakahusishwa, na 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Kwangu, kuondolewa kule 2014 ni ushindi mkubwa kuliko mataji mengi ya usiku wa sherehe, na sikumbuki kuona mtu akipongeza kwenye simu. Mwaka huo huo Pori la Akiba la Selous, nalo la Tanzania, liliingizwa kwenye orodha hiyo ya hatari kwa sababu ya ujangili wa tembo.

Wanaodhani jina la UNESCO linashikilia kuta, wamwulize mkazi yeyote wa Mji Mkongwe kuhusu Beit al-Ajaib. Jumba lile la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa ndani ya eneo la urithi kwa miaka ishirini wakati sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020, watu wawili wakapoteza maisha. Kilichohitajika pale kilikuwa chokaa, mbao, mafundi na bajeti, mwaka baada ya mwaka.

Je, tuzo huleta watalii?

Watetezi wa tuzo husema zinaleta wageni. Angalia takwimu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,867. Mwaka huo Serengeti ilishinda taji lake kama kawaida, lakini ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga viwanja vya ndege. Mwaka 2023 walifika 1,808,205 na 2024 wakawa 2,141,895. Mataji yalikuwapo wakati wa kushuka na wakati wa kupanda, kwa hiyo peke yake hayaelezi lolote. Ndege za moja kwa moja, bei, usalama na viza vinaeleza zaidi.

Kazi ya tuzo ni ndogo zaidi, lakini ipo. Mgeni aliyeko Milan amebaki na majina matatu kichwani na hawezi kuchagua. Nembo ya mshindi inamsaidia kuamua. Wakala wa safari naye anapata neno la kumwambia mteja. Ni kama sifa anayopewa bwana harusi na shangazi yake: haimwoi mtu, ila inafungua mazungumzo.

Kwa wale wenye biashara ndogo, nyumba ya wageni Paje au kampuni ya magari mawili Karatu, niseme jambo moja kwa herufi zote. Siku moja utapata barua pepe: hongera, umeteuliwa kuwania tuzo ya kimataifa. Moyo utaruka. Kabla ya kumwonyesha mwenzio, jibu barua hiyo kwa kuuliza majaji ni kina nani kwa majina, vigezo vimeandikwa wapi, na washindani wako kwenye kundi hilo ni wangapi. Kama jibu linalorudi ni akaunti ya benki tu, umekutana na wauza vikombe, na ni wengi. Pesa hiyo nunua mashuka mapya. Mgeni akiyasifu kwenye TripAdvisor, tovuti ambako wasafiri huandika maoni yao, baada ya kulala, huyo ni hakimu aliyelipa kwa pesa yake, na maneno yake yatasomwa na mgeni ajaye.

Serikali ya Tanzania nayo, kupitia Wizara ya Maliasili na Utalii, imeanzisha Tuzo za Uhifadhi na Utalii, za kwanza zikatolewa Arusha mwishoni mwa 2024. Naziunga mkono kwa sababu moja: hakimu wa nyumbani anaweza kuwafikia watu ambao hakimu wa London hana namna ya kuwajua.

Nami nawajua wa kuanzia. Fika lango la Machame asubuhi, msimu wa Julai hadi Septemba. Utaona mstari mrefu wa vijana wenye mabegi, na mbele yao mzani unaning'inia. Hao ndio wagumu, jina wanaloitana wapagazi wa Kilimanjaro. Kila mzigo unapimwa, kilo 20 ndiyo mwisho. Humo mna mahema, mitungi ya gesi, viti, mayai yaliyopangwa kwenye trei kwa uangalifu wa fundi saa. Mgeni atapanda polepole akiwa na kichupa cha maji, atafika kambini akute hema limesimama na popkoni za moto mezani, na aliyezileta amempita njiani saa mbili zilizopita akiwa na mzigo kichwani. Picha ya kileleni, kwenye mita 5,895, inasimama juu ya kazi hiyo. Mlima ukishinda taji, jukwaani simwoni mgumu.

Lakini yupo hakimu mmoja aliyewafikia. Moshi kuna mradi uitwao Kilimanjaro Porters Assistance Project, KPAP, ulioanza 2003. Unawaazimisha wagumu mavazi ya baridi bure, na unaweka orodha ya kampuni zinazowatendea haki. Ili kampuni ibaki kwenye orodha hiyo, kipimo ni kama mgumu alilipwa alichoahidiwa na kwa wakati, kama alikula milo mitatu, kama hema alilolala halikuvuja, kama bakshishi ya wageni, ambayo mlimani huitwa tipu, iligawiwa mbele ya wote. Haiulizwi kampuni. Baada ya safari, kikosi kikishateremka, majibu hutoka kwa wagumu wenyewe. Mgeni anayechagua kampuni kwa kutazama orodha hiyo anafuata hukumu ya mtu aliyebeba mzigo.